Nairobi kwa maduka ya vitabu: la chini, la ghorofani na la kuinama

Mgeni akija Nairobi akaniuliza aanzie wapi, mara nyingi anategemea nimtajie twiga, mbuga na nyama choma, na mimi namwambia avae viatu vya kutembea tu, tunaenda kuzunguka maduka ya vitabu. Kazi yangu ni kusambaza vitabu, yaani mimi ndiye yule mtu unayemwona akiingia dukani na boksi begani na daftari la delivari kwapani, natoka kwa mchapishaji napeleka kwa muuzaji, halafu baadaye narudi kuangalia nini kimetoka na nini bado kimelala. Kwa kuifanya hii kazi miaka na miaka nimekuja kuamini kitu kimoja, kwamba ukitaka kuuelewa huu mji angalia duka la vitabu limekaa wapi: liko chini barabarani, limepanda ghorofani, ama limetandikwa kwenye pevumenti watu wakiinama kuchagua. Kila moja liko pale lilipo kwa sababu, na ukizijua hizo sababu basi hata yale majengo na masanamu ambayo wageni wanapigia picha yanaanza kuongea na wewe.

Tuanze na pesa, manake bila hiyo hutaelewa chochote. Duka la vitabu Kenya tangu zamani limelishwa na kitabu cha shule. Januari shule zikifunguliwa wazazi wanapanga foleni na ile orodha ya mwalimu mkononi, na faida ya hizo wiki chache ndiyo inabeba duka miezi mingine yote, ndiyo inamruhusu mwenye duka aweke riwaya na mashairi kwenye rafu hata kama vitakaa hapo mwaka mzima. Text Book Centre ilianza 1964 pale Kijabe Street na jina lenyewe linakuambia ilikuwa inauza nini, na ukiteremka Latema Road kuelekea River Road bado utakuta maduka ya kizamani yenye kaunta ndefu, unasema unachotaka, kijana anaenda nyuma anakuletea. Sasa 2013 ikaja sheria mpya ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na vitabu vikawekewa ushuru wa asilimia 16, halafu kufikia 2018 serikali ikawa inanunua vitabu vya shule za umma kwa wachapishaji wenyewe na kuvipeleka hadi shuleni bila kupitia dukani. Mtoto wa shule ya umma kupata kitabu bila mzazi kutoa shilingi ni jambo kubwa sana na mimi nalifurahia, lakini muuzaji aliyekuwa anategemea ile Januari alibaki na kodi ileile ya nyumba na wateja wamepungua. Kuna milango nilikuwa nikishusha maboksi kila mwezi ambayo leo ukiingia unauziwa kava za simu. Kwa hiyo ukiona duka huru la vitabu bado limesimama katikati ya tao, yaani mjini kati, jua kuna mtu ndani yake anapiga hesabu usiku.

Pa kuanzia ni Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa. Kila mtu Nairobi anapatana na mwenzake hapo nje, "tukutane Archives", na wengi hawajawahi kuingia ndani. Ingia. Kiingilio ni kidogo, na hilo jengo lilikuwa la benki, Bank of India, kabla halijawa hifadhi ya nyaraka za taifa, ndiyo maana lina ule uzito wa mawe na dari ya juu. Chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa muda mfupi mwaka 1966 halafu akaachana na siasa, mtu aliyenunua sanaa ya Afrika na vitabu kwa mapenzi ya kweli, na kati ya alivyoacha kuna vitabu adimu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Mimi nikiingia pale sikimbilii vinyago, nasimama nafikiria mtu mmoja alivyokaa akikusanya vitabu vyote hivyo wakati nchi yenyewe ilikuwa bado changa, na nashukuru havikutawanyika nje.

Ukitoka nje, mbele yako ni sanamu ya Tom Mboya, mwanasiasa aliyekuwa waziri, imesimama hapo tangu 2011. Alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa kwenye barabara hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Government Road na leo Moi Avenue, akiwa na miaka 38. Watu wanapita hapo wamebeba kabichi na masanduku na hakuna anayesimama. Ushauri wangu ni huu, na nitaurudia mahali pengine: usisome lile bamba ukaondoka. Tafuta kitabu juu ya huyo mtu kwanza, hata cha watoto, maduka yote nitakayotaja hukosi kitu juu yake, halafu rudi ukae kwenye hayo mawe usome kurasa kumi tu. Sanamu ya mtu usiyemjua ni chuma tu.

Kutoka hapo fuata Moi Avenue hadi Bazaar Plaza, pale Biashara Street inapoanzia, upande ngazi hadi Nuria. Hili ndilo duka la ghorofani ninalopenda kuonyesha watu, manake linaeleza yote niliyosema juu ya kodi. Chini barabarani mwenye nyumba anataka pesa ambayo kitabu hakiwezi kulipa, wanaolipa ni wa simu, wa nguo na wa kuku na chipsi, kwa hiyo kitabu kinapanda juu, na kwa sababu hakuna mtu anayepita ghorofani kwa bahati, duka la juu lazima lijulikane kwa kitu chake. Nuria imejulikana kwa waandishi waliojichapishia wenyewe. Mkenya ameandika maisha yake, ama ameandika riwaya ambayo mchapishaji mkubwa ameiogopa, amelipa matbaa kwa pesa yake ya mfukoni, sasa ana nakala mia kadhaa zimejaa sebuleni na hajui pa kuzipeleka. Duka la kawaida litamwambia hatuchukui. Hapa wanachukua. Zile rafu ukizisoma taratibu utakuta walimu wastaafu, wahubiri, wafungwa wa zamani, kina mama waliolea watoto peke yao, machifu, wanariadha, na ubora unapanda na kushuka kabisa, vingine mhariri hakuvigusa, lakini hiyo ndiyo Kenya ikijieleza bila kuomba ruhusa na sijui rafu nyingine hapa mjini inayofanya hivyo kwa wingi huo. Chagua kimoja cha mtu usiyewahi kumsikia. Fungua ukurasa wa katikati, sio wa kwanza, manake wa kwanza kila mtu anaupiga pasi, ukikuta sentensi inakuvuta katikati hapo lipa, M-Pesa, uondoke nacho.

Hapo karibu kuna Jeevanjee Gardens, ile bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906. Mwanzo wa miaka ya tisini walitaka kuichimba wajenge maduka na maegesho, mjukuu wake na watu wengine wakapinga hadi mpango ukaachwa. Ndiyo maana leo saa saba mchana unaweza kukaa pale kwenye benchi na kitabu chako kipya, pembeni mhubiri anahubiri, wengine wanabishana siasa, na ukitoa kitabu usishangae mtu wa jirani akikuuliza kinahusu nini. Mimi nimewahi kumaliza lanchi yangu yote nikimsimulia mzee mmoja hadithi niliyokuwa nasoma, akanirekebisha tarehe za mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Sasa maktaba ya McMillan. Pita Biashara Street, kata uende Banda Street, utaiona tu, nguzo nene za mawe na simba wawili wamelala mbele. Ilifunguliwa 1931, Lady McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekufa 1925 na kuzikwa kule Ol Donyo Sabuk. Na hapa ndipo nataka usimame usiharakishe. Hizo ngazi ni chache, mtoto anazipanda kwa kuruka, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuzipanda kama msomaji hadi 1958, maktaba ilipoingia mikononi mwa baraza la jiji. Yaani jengo la vitabu lilikaa katikati ya mji zaidi ya miaka 25 na mtu aliyelifagia hakuweza kuazima hata gazeti. Mimi kila nikipita na boksi langu naangalia hizo ngazi. Jengo lina sheria yake kabisa ya bunge ya kulilinda, na tangu 2017 kuna taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, inayofanya kazi ya kuirudishia uhai maktaba hii pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kabla ya kwenda ulizia kama siku hiyo msomaji wa kawaida anaingia, kazi za ukarabati huwa zinabadilisha mambo, lakini hata nje tu panatosha kwa nusu saa.

Jirani kabisa ni msikiti wa Jamia, ulijengwa kati ya 1925 na 1933, na eneo hilo lina wauza vitabu vya dini, utapata tafsiri za Kiswahili, vitabu vya sala, vya watoto kujifunza herufi za Kiarabu. Wageni wengi wanaupiga picha wanaenda zao City Market kununua vikapu. Ukijistiri vizuri na ukaomba kwa heshima, sio wakati wa swala, utaongea na watu wanaojua Kiswahili kitamu kuliko sisi wa mjini tunavyokiongea. Kwa upande wa Wakatoliki kuna Catholic Bookshop pale Holy Family, nayo siipiti bila kuingia, manake maduka ya dini ndiyo yamekuwa yakiuza vitabu vya lugha za kwetu, Kikuyu, Kikamba, Dholuo, hata pale maduka mengine yalipoona havina soko.

Nimetaja Kiswahili, basi niseme la moyoni. Ingia duka lolote kubwa uulize rafu ya Kiswahili. Utaonyeshwa kamusi, vitabu vya mazoezi, riwaya na tamthilia za mtihani wa kidato cha nne, na pembeni yake miongozo ya hizo riwaya na tamthilia, mingi kuliko vitabu vyenyewe. Mtu mzima anayetaka kusoma Kiswahili kwa raha yake, bila mtihani, anahudumiwa vibaya sana, na ni mji ambao kila kona watu wanaongea hicho hicho Kiswahili. Mimi nabishana na wenye maduka juu ya hili, wengine wananiambia havitoki, nawaambia mteja hawezi kununua kitabu kilichofichwa nyuma ya kitabu cha hesabu. Kwa hiyo wewe msafiri fanya kitu kimoja, uliza kwa sauti. Sema nataka riwaya ya Kiswahili isiyo ya shule. Muuzaji mzuri atapanda ngazi akutolee kitu kutoka juu kabisa kina vumbi, na mara nyingi kimetoka Tanzania. Utajuaje? Geuza kitabu nyuma uangalie ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu. Ikianza 978-9966 ama 978-9914 hicho kimechapishwa Kenya, 978-9976 na 978-9987 ni Tanzania, 978-9970 ni Uganda. Hizo namba ndizo naziangalia mimi kwanza kabla hata ya jina, na ukizizoea utasimama mbele ya rafu yoyote useme hili duka linanunua kwa nani, na kama vitabu vyote vya mbele vimetoka nje ya Afrika basi unajua mwenye duka anamwangalia mteja gani.

Duka la chini barabarani lililobaki na heshima yake, nikiulizwa, ni Prestige pale Mama Ngina Street. Sio kubwa. Vitabu vimejaa hadi juu, unapita upande upande, na kuna mchanganyiko wa vya nje na vya hapa ambao umechaguliwa na mtu anayesoma, hilo unalihisi haraka. Wauzaji wa aina hiyo ndio hazina. Usiulize tu "kuna kitabu fulani", waambie kitabu cha mwisho ulichokipenda na kwa nini ulikipenda, halafu nyamaza uwaachie kazi. Ukitoka tembea hadi kona ya Kimathi Street, hapo kuna sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge. Ameshika bunduki na kisu. Ule ushauri niliokupa kwenye sanamu ya Mboya unahusu hapa pia, tena zaidi, manake juu ya Mau Mau kumeandikwa mengi na yanapingana, na duka liko hapo hapo karibu.

Kama miguu bado ina nguvu kuna KICC, lile jumba refu la mikutano, mita 105, orofa 28, ilimalizika 1973, unapanda hadi juu na unaona mji wote uliotembea. Na kule mwisho wa Kenyatta Avenue kuna Nairobi Gallery, nyumba ya 1913 iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambapo umbali wa barabara ulikuwa unapimiwa kutoka hapo, na vitu vingine vya Murumbi viko humo. Mimi nikichagua moja naenda Gallery, ni kimya na unaunganisha na ulichoona Archives asubuhi.

Jioni ndiyo saa ya kuinama. Watu wanatoka kazini, na pevumenti za Tom Mboya Street na pembeni zake zinatandikwa magunia na nailoni, juu yake vitabu vya mitumba, sh 50, sh 100, vizuri zaidi 200 na kuendelea. Hivi vimetoka nje kama nguo zinavyotoka, vingine vina muhuri wa maktaba za Uingereza na Marekani, vingine vimetoka nyumba za watu waliohama hapa hapa. Nairobi nzima imesomeshwa na hivi vitabu, mwanafunzi asiye na hela ya duka amejenga maktaba yake hapa kidogo kidogo. Utaratibu ni kuinama, kupekua, na kutoonyesha furaha. Ukishaona unachotaka kichukue pamoja na viwili usivyotaka, uliza bei ya vyote, halafu rudisha viwili. "Hiki pekee ni ngapi, boss?" "Leta soo mbili," yaani mia mbili. "Mia, nina nauli tu." Mtakutana mia na hamsini na wote mmeridhika.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukijue. Kati ya mitumba halali kuna vitabu vilivyoibiwa, yaani vimenakiliwa kiharamu, hasa vile vya kutafuta utajiri na vya kujiendeleza ambavyo kila mtu anavitaka. Kishike. Kava inateleza sana na rangi zimefifia kidogo, herufi za jina zina ukungu pembeni. Kifungue katikati ukikunje nyuma, gundi inalia na kurasa zinaanza kuachia. Angalia mistari, inalalia upande mmoja kwa sababu iliskaniwa, na maandishi ni ya kijivu, sio meusi. Kikiwa kipya kabisa na bei ni robo ya ile ya dukani, hakuna miujiza hapo. Kwa muuzaji sina ugomvi, anatafuta unga, lakini nimekaa na waandishi wa Kenya ambao kazi yao ya miaka inauzwa hivyo mbele ya macho yao na hawapati hata shilingi, kwa hivyo naomba kwa dhati, mitumba nunua hadi begi lipasuke, nakala ya wizi iache hapo.

Begi lenyewe livae mbele kifuani ukiwa mitaa hiyo, na uje nalo kutoka nyumbani, manake mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na ile ya kitambaa ya barabarani haibebi vitabu kumi. Jumapili usije, tao maduka mengi yamefungwa, na Jumamosi mchana yanaanza kufunga. Aprili beba kitu cha kukinga mvua.

Siku ya pili kama ipo toka nje ya tao. Ngong Road, jengo la Greenhouse pale Adams, kuna duka la Soma Nami, wao wameamua vitabu vya Waafrika ndivyo vikae mbele, na wana vikundi vya kusoma ambavyo mgeni anakaribishwa. Kuna pia Cheche, duka la kifeministi na la umoja wa Afrika, wanaojua wanachosimamia na hawakifichi. Haya maduka mapya yamejifunza kutoka kwa yale yaliyokufa: hayategemei Januari, yanategemea watu wanaorudi kila mwezi kuongea juu ya walichosoma. Mimi nikipeleka boksi huko nakaa kuliko inavyotakiwa. Na siku hiyo hiyo ukiweza pitia maktaba ya Kaloleni, ndani ya ile mitaa ya zamani ya Eastlands, uone watoto wa mtaa wakisoma kwenye jengo lililofanyiwa ukarabati vizuri. Chukua matatu za Jogoo Road, mwambie konda akushushe karibu, atakuonyesha.

Ukishanunua vingi na unarudi Kisumu ama Mombasa ama Meru, usivibebe mapajani. Nenda ofisi za mabasi, River Road na Accra Road zimejaa, tuma kama parseli. Weka vitabu kwenye boksi ngumu vikiwa vimelala, sio vimesimama, vikubwa chini, jaza mianya na magazeti kisicheze kitu, zungushia nailoni kabla ya kufunga manake hujui kama litapanda juu ya keria na mvua inyeshe Naivasha, na uandike namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za boksi. Wakikuuliza ndani kuna nini sema vitabu. Nimetuma mengi kwa njia hiyo na yanafika.